Masale Hayarukwi

Wenseslaus aliteremka kutoka Uru na karatasi ya Beatha kwenye mfuko wa koti. Kabla hajafika Moshi mjini alikuwa amekwisha kuwalaumu wakubwa wote: wa kahawa kwa bei, wa barabara kwa mashimo, wa maji kwa mfereji uliokauka. Wakubwa wa intaneti alikuwa hajawajua bado, ila nao alikuwa amewatengea nafasi yao.

"Shikamoo, Baba Beatha," alisema Dominika, mwenye duka la kompyuta pale Majengo. Zamani aliuza ndizi sokoni bega kwa bega na marehemu Margareta, mke wa Wenseslaus. Siku hizi ana mashine sita na feni moja.

"Marahaba. Hebu nionyeshe huyu mtoto kaandika nini."

Karatasi ilipitia parokiani, na ilikuwa na mistari miwili tu: *Baba, nenda kwa Mama Dominika akufungulie hii. Nimeitengeneza mwenyewe.* Chini yake kulikuwa na mstari mrefu wa herufi, anwani ya kuipa mashine. Yalikuwa maneno ya kwanza kutoka kwa binti yake kwa miaka mitatu. Siku ya kumzika mama yake, Beatha alisema mbele ya waombolezaji kwamba si serikali iliyomuua mama, ni baba, aliyemlaza mgonjwa nyumbani wiki tatu akiwatukana wakubwa kwa ajili ya malipo ya hospitali, na mbuzi wa kuuza wapo bandani. Wenseslaus akamwonyesha kwa fimbo njia ya kutoka kwenye shamba la ukoo. "Usikanyage tena kihamba changu!" Naye, mtoto wa baba yake kwelikweli, hakukanyaga. Krismasi tatu watu wote wa mlimani wamerudi kwao kula na wazee wao, yeye amebaki Dar es Salaam. Wenseslaus alitaka jambo moja tu kwenye ile mashine: kujua kama ya nne atakuja. Lakini hilo asingemwambia mtu.

Picha ilijaa polepole, kama ndoo chini ya bomba la mgao. Ikaja migomba, ikaja mibuni, ukaja mfereji.

"Hii si barua," alisema Wenseslaus.

"Ni gemu. Ameshanitumia na mimi. Huyu binti mwenye kikapu ndiye wewe."

"Mimi binti?"

"Mwendeshe bwana! Mwanzoni hawezi kitu, anatembea tu. Kila akipata kitu anaongezewa uwezo, anafika alikokuwa hawezi kufika."

Akamwendesha kwa kidole kimoja, kama anayeminya jipu. Binti akaokota mundu, majani marefu yakampisha. Akainama kwenye mfereji akanywa maji, na tangu hapo akaweza kuruka.

Wenseslaus akacheka, kitu ambacho Dominika hakuwa amekisikia tangu msiba. "Maji ya mfereji wetu yalikuwa hivyo kweli. Kabla hawajaunda kamati."

Mbele kukatokea ukingo wa masale, majani mabichi yamesimama kama mikuki.

"Hapo ruka," alisema Dominika.

"Siruki."

"Mzee, ruka! Ni picha tu hiyo!"

"Masale hayarukwi. Ndiyo mpaka wa mtu, ndiyo makaburi yake. Ukiona mtu anaruka masale, huyo ni mwizi, au ni mkubwa wa ardhi."

Eliakim, karani wa duka la mbao aliyekuwa kwenye mashine ya pili, akageuza kiti. "Sisi wote hapa dukani tumeicheza, na tumeruka, mzee wangu. Unapanda hadi kwenye theluji, unazunguka weee, unaishia kwenye nyumba moja, mlango haufunguki. Gemu imeharibika."

Wenseslaus akamgeuza binti kushoto, alikotoka.

"Huko hakuna kitu," alisema Eliakim.

"Wewe ulishakwenda? Mtu mwenye adabu anazunguka."

Nyuma ya mgomba wa mwisho kulikuwa na tuta la udongo lililozungushiwa masale, na msalaba wa mti ulioinamia kulia kidogo, kama ule alioupigilia yeye mwenyewe. Dominika akavua miwani akaifuta kwa kanga, ingawa ilikuwa safi. Binti akapiga magoti, na Wenseslaus hakuwa amebonyeza kitu. Aliposimama alikuwa ameshika jani moja la isale, limefungwa fundo.

Aliporudi kwenye ule ukingo, masale yakamfungukia. Ikaja ile nyumba aliyoisema Eliakim, yenye mlango wa buluu, mlango wa Wenseslaus, nao ukafunguka. Ndani alikaa mzee mwenye koti, redio sikioni, amewapa watu mgongo.

Hakuna aliyehitaji kumweleza. Huko mlimani mtu akikuletea isale la kuomba radhi humkatalii, hata kama mlimwagiana damu.

"Bonyeza," alinong'ona Eliakim.

Akabonyeza. Binti hakusogea. Akabonyeza tena, na yule mzee akageuka.

"Yesu na Maria!" alisema Dominika. "Amekupa mzee! Sasa unamwendesha mzee!"

Kidole kikabaki hewani. Ile nyumba ilikuwa na mlango wa nyuma wa kumtorosha mzee, aliuona. Beatha anamjua baba yake. Wenseslaus akavuta pumzi, akabonyeza mbele. Mzee akainuka kwa shida, akapiga hatua mbili, akalipokea jani kwa mikono yote miwili. Redio ikazimika. Hapakuwa na wimbo wala tarumbeta.

"Basi umemsamehe," alisema Dominika.

"Hakunikosea." Maneno yalimtoka kama jino. "Mbuzi walikuwepo. Wanne."

"Nikufungulie umjibu?"

"Isale halijibiwi kwa umeme."

Kesho yake asubuhi alirudi na jani alilolikata kaburini kwa Margareta, fundo katikati, limeviringwa kwenye ganda la mgomba. Akamwomba Eliakim aandike juu yake jina la Beatha, lipewe dereva wa basi la Dar, mkononi, wakubwa wasiliguse.

"Litakauka njiani," alisema Dominika.

"Litafika na ubichi wake. Wewe nifungulie ile mashine."

"Si ulimaliza jana?"

"Nimewaacha wamesimama," alisema Wenseslaus, akivuta kiti. "Nataka nione ni kitufe gani cha kumkaribisha mtoto akae."