Mpangaji wa Nambozo

Nambozo alitoka Uganda akanunua nyumba Kibomet, hapo Kitale. Kwao Mbale, ukiishi kwa nyumba yako huilipi serikali kodi ya jengo. Anayelipa ni mwenye kupangisha. Kwa hivyo bili ya kaunti ilipofika, akamwomba Nangila, mpangaji wake wa pekee, ahame. Nangila akarudi kwao Bungoma na mtoto wake, aliyezoea kumwita Nambozo kukhu, kama nyanya yake.

Nambozo akaenda kwa kaunti. "Siku hizi naishi peke yangu."

Karani akacheka. "Mama, hapa unalipia ardhi, si nyumba, bana! Hata ukiishi na ng'ombe, kila mwaka utalipa."

Nambozo akampigia Nangila simu mbio. "Rudi, mwanangu."

"Nilishapata nyumba huku, mama."

Mtoto akainyakua simu. "Kukhu, ati tulikukosea nini?"