Mshabiki Aliyefungwa Mdomo

Binti yangu alinikuta karakana nikipiga randa ubao wa mlango. Akazima redio, akasimama mbele ya benchi langu. Nikajua kuna jambo, maana mtoto huyu hazimi redio ya baba yake bure.

"Baba, kesho ni nusu fainali."

"Najua. Shati nimeshalipiga pasi."

"Nataka uje. Lakini ukimtukana mwamuzi, navua jezi palepale. Nahodha ameshasema, baba yako akituponza tena, huna nafasi kwenye timu."

Kosa langu sikuliona, na mpaka leo silioni. Mechi iliyopita nilimuuliza mwamuzi swali tu: kipenga hicho ulipewa au ulikiokota? Mtu anaulizwa swali, anatoa kadi nyekundu! Watoto wakapoteza pointi kwa sababu mkubwa mmoja hajui kujibu maswali. Lakini ndivyo dunia ilivyo. Mwenye kipenga ndiye mwenye haki. Mwenye nyundo anyamaze, apigilie.

"Haya, nitakaa kimya," nikamwambia.

"Sitaki ukae kimya, baba. Nataka unishangilie."

Hapo akanimaliza. Kushangilia sikujui. Aliyekuwa akishangilia katika nyumba yetu ni mama yake. Mtoto akipasi mtihani, mama anacheza uani kwa vigelegele. Mimi nikiuza kitanda, mama anacheza uani, jirani wanakuja kuuliza kuna arusi ya nani. Sasa ni mwaka wa tatu hayupo. Siku alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwepo, zima kabisa, ila mkubwa wa hospitali alikuwa amelichukua kwenda nalo kwenye sherehe zake. Tangu hapo mdomo wangu umebaki na kazi moja, kulaumu, na kazi hiyo naijua kuliko hata useremala.

Kesho yake nikafika uwanjani, pale chuoni kwao, penseli ikiwa sikioni kama kawaida. Kumbe nimewekewa askari. Mama Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili kutoka karakana yangu, rafiki wa marehemu mke wangu, alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Ukosi wa gauni lake ulikuwa umechomekwa pini mstari mzima.

"Kaa hapa, shemeji," akasema. "Hapa ambapo mkono wangu unakufikia."

"Nani amekutuma?"

"Mwanao. Nimeambiwa ukianza tu, nichome."

Nikatazama huku na huku. Wageni walikuwa wamejaa upande wao wote, wana ngoma, wana mavuvuzela, wengine wamejipaka rangi usoni hadi masikioni. Upande wetu tulikuwa mimi, Mama Sindano, na mpishi wa bwalo aliyetoka nje kupunga upepo. Na hapa ndipo nyumbani!

"Wanafunzi wote wako wapi?" nikamuuliza mpishi.

"Wamepakiwa basi, wamekwenda kushangilia wavulana wao, mpira wa miguu. Amri ya mkuu wa chuo."

"Unaona?" nikamgeukia Mama Sindano. "Unaona hawa wakubwa? Wasichana wamefika nusu fainali, mashabiki wanapewa wavulana ambao tangu..."

Pini ikaingia kwenye paja.

"Aa! Sijamtukana mwamuzi!"

"Nilikuwa naijaribu kama ina ncha."

Mchezo wenyewe ni mpira wa wavu. Binti yangu wanamwita Nyundo, kwa jinsi anavyoupigilia mpira ukishanyanyuliwa karibu na wavu, na jina hilo nalipenda kuliko nililompa mimi. Mwamuzi alikuwa yuleyule. Alipanda kwenye kiti chake kirefu, kikayumba kama mlevi, na mimi nikaona misumari imepigwa mahali panapotaka skurubu. Nikauma penseli.

Seti ya kwanza wageni wakaanza kututoa jasho. Ngoma zao zinalia, wasichana wetu wanachezea kwenye kimya kama wako mazishini. Nyundo akageuka kunitazama.

"Sema kitu, shemeji," Mama Sindano akaninong'oneza.

"Kitu gani?"

"Chochote kizuri!"

Nikafikiri. Nikasimama, nikapaza sauti: "Wavu umefungwa vizuri sana!"

Mama Sindano akanivuta shati. "Nani amekuuliza habari za wavu? Wasifu wasichana!"

"Wewe mrefu!" nikapiga kelele. "Umeruka hasa!"

"Yule ni wa kwao."

"Si umesema chochote kizuri?"

Mpishi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Yule mrefu wa kwao naye akacheka, akanipungia mkono. Sikukasirika. Ni muda mrefu mtu hajanipungia mkono kwa furaha.

Basi nikaendelea kujifunza, kama mtoto anayeshika msumeno mara ya kwanza. Nilianza na "vizuri," nikapanda mpaka "vizuri sana," nikafika "wape haki yao!" Mpishi akaingia ndani, akarudi na sufuria mbili na mwiko, akampa Mama Sindano sufuria moja. Sasa tukawa na ngoma na sisi. Seti ya kwanza tulishindwa, ya pili tukashinda, ya tatu wakachukua wao, ya nne tukairudisha. Watu wa njiani wakaanza kuingia kuuliza ni nani wanauawa na masufuria. Wakaona mchezo, wakakaa upande wetu kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Penseli nilikuwa nimeshaitafuna vipande viwili, paja lina matundu, na nilikuwa na raha ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Seti ya tano huishia pointi kumi na tano, ila lazima mshindi azidi kwa mbili. Tukaenda bega kwa bega hadi kumi na tatu kwa kumi na tatu. Nyundo akanyanyuliwa mpira, akaruka, akaupigilia. Ukaangukia kwenye mstari. Si karibu na mstari, juu ya mstari! Chokaa iliruka, kila mwenye macho akaiona. Kijana mshika bendera akainua bendera: nje. Mwamuzi akapuliza: pointi ya wageni. Kumi na nne wao, sisi kumi na tatu. Wakipata moja tu, tumekwisha.

Nikasimama. Sikujiambia nisimame, nilijikuta tu niko wima. Masufuria yakanyamaza. Mwamuzi akanitazama kutoka juu, mkono wake ukaingia mfukoni kutafuta kadi. Nahodha akamtazama binti yangu. Binti yangu hakumtazama mtu ila mimi, na mkono wake ukashika pindo la jezi.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lilikuwa neno zuri, la kumtosha yeye, mkuu wa chuo, mkubwa wa hospitali na waliowapa kazi wote watatu. Nilipomwona mtoto amekamata ile jezi nikalimeza. Lakini mdomo nilikuwa nimeshaufungua mbele za watu, na ulikuwa unataka kutoa kitu. Ulimi ukaanza kucheza wenyewe.

Nikapiga kigelegele.

Mwanaume mzima, seremala, na ndevu zangu. Sijawahi kupiga kigelegele maishani. Kilitoka kama jogoo mwenye mafua anayebanwa na mlango, kikapanda, kikakatika, kikapanda tena. Hata ngoma za wageni zilinyamaza. Mama Sindano alikuwa ameinua pini, akasahau cha kuifanyia. Nyundo akaachia jezi, akashika tumbo, akacheka hadi akachuchumaa.

Mwamuzi, asijue afanye nini na kadi yake, akapuliza mchezo uendelee. Wa kuanzisha mpira alikuwa yule mrefu wa kwao. Masikini, alikuwa anatetemeka kwa kicheko. Akaurusha mpira juu, akaupiga huku machozi yanamtoka, ukaenda moja kwa moja kwenye wavu. Kumi na nne kwa kumi na nne!

Kocha wao akakimbilia kwenye kiti cha mwamuzi. "Yule mzee ametuharibia! Mpe kadi!"

"Sheria inakataza matusi," mwamuzi akasema. "Lile lilikuwa tusi?"

"Mimi sijui lilikuwa nini!"

"Hata mimi sijui. Pointi imehesabiwa."

Nikakaa. Mwenye kipenga ametoa haki upande wangu! Nilitafuta la kumlaumu nikalikosa, na nusura nimwambie hongera.

Zamu ya kuanzisha ikawa ya Nyundo. Mpira wake wa kwanza ulishuka katikati ya wawili wao, kila mmoja akamwachia mwenzake. Kumi na tano sisi, kumi na nne wao. Wa pili ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, masufuria yanalia, wapita njia wanaruka, mimi sauti imebaki nyuzi mbili. Mwishowe yule mrefu akaupiga kwa nguvu, ukatua pembeni kabisa. Kijana yuleyule akainua bendera: nje. Tumeshinda!

Mama Sindano akanikumbatia, kisha akanisogezea mdomo sikioni. "Shemeji, mpira ule ulikuwa ndani."

"Mimi seremala," nikamwambia. "Mambo ya mistari waachie wenyewe."

Wasichana wakaja wote mbio. Nyundo akanirukia shingoni, amelowa jasho, bado anacheka. "Baba, sauti ile uliitoa wapi?"

"Kamuulize mama yako," nikasema, na tukacheka wote wawili, yeye akifuta macho kwa kiganja.

Nahodha akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Nikajiandaa kufukuzwa.

"Mzee, fainali ni wiki ijayo."

"Nimesikia."

"Tunataka ukae nyuma ya mstari wao, pale anaposimama wa kuanzisha mpira. Wewe ndiye kiongozi wa mashabiki."

Nikamwambia nitafikiria. Mtu akipewa cheo asikirukie, watu watasema alikuwa anakitafuta.