Mashahidi wa Lusungu

Jumatatu moja ya Juni 1954, saa nne asubuhi, Atuganile alikuwa akianika maua ya pareto nyuma ya kanisa la Lusungu, karani wa bomani alipofika kwa baiskeli akamsomea barua. Ilisema mji huo, kati ya Mbeya na Iringa, hauna wenyewe. Waanzilishi wake walikuwa watumwa waliokombolewa, hawakuwa na kabila wala chifu. Baada ya mavuno, ardhi angepewa mkulima wa Kizungu.

"Tuna makaburi," alisema Atuganile.

Karani, aliyeitwa Liberatus, alikwenda kuyaona. Lusungu walimlaza kila mwanzilishi kichwa kikielekea kule alikotekwa, kwa hiyo makaburi thelathini na moja yalielekea kila upande. Liberatus aliandika, akijisomea kwa sauti, kwamba watu wa kabila moja huzikwa kwa mwelekeo mmoja. Haya basi si makaburi, ni mawe tu.

Marta, mmoja wa waanzilishi, aliyefariki mwaka 1919, alimsikia, akatoka kaburini. Alijipangusa udongo viwikoni, akaketi.

"Andika, mwanangu. Usiogope, sina meno ya kukung'ata."

"Siogopi, bibi. Kabila?"

"Lusungu."

"Hilo ni jina la mji."

"Kwani mimi nimesema ni jina la mbuzi? Andika."

Wafu wengine thelathini walitoka, wakapanga foleni. Liberatus aliwaandika mpaka saa nane, kila mmoja akaweka dole gumba. Atuganile aliwapikia uji. Waliunywa, wakalalamika kwamba ni mwepesi.

Majibu yalikuja Agosti. Ofisi ilipokea ushahidi wa marehemu thelathini na mmoja bila pingamizi. Hata hivyo, katika orodha ya makabila hapakuwa na Lusungu. Barua ya kwanza ilibaki vilevile.

"Basi hamrudi kulala, bibi?" Atuganile aliuliza.

"Nilishatekwa mara moja," alisema Marta. "Safari hii watanikuta na jembe mkononi. Lete jembe."

Oktoba, mkulima mpya alipofika na wapimaji, alikuta walio hai na wafu wamejipanga mstari mmoja, wanalima. Wapimaji waliwaamkia, wakapita katikati yao wakisimika vigingi, na kwenye ramani wakaandika: hapana watu.

Kigingi kimoja kiliangukia katikati ya tuta la Atuganile. Alikizunguka kwa jembe, akaendelea kulima upande wa pili.