Nguo Isiyofuliwa

Mdogo wangu alipoolewa alihamia mji mwingine na mumewe, akaniachia mbwa. Hakuniuliza. Alisema tu, "Dada, utakaa naye mpaka tupate nyumba yenye uwanja," kama mtu anayeacha mwavuli.

Mbwa mwenyewe aliitwa Afande. Kijana bado, masikio makubwa, adabu sifuri. Mimi ni msusi, na saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Afande alitafuna vitana, aliburuta nywele za bandia mpaka barabarani, na siku moja alimng'ang'ania pindo la sketi bibi harusi mtarajiwa. Hayo ningeyavumilia. Balaa ni pale alipoachwa peke yake uani. Alilia kilio cha msibani hasa, mpaka wateja wakawa wananiuliza nani kafiwa.

"Anamlilia mwenzio," mama akasema. "Masikini, anampenda."

Basi hilo ndilo lililoniuma. Nani anaamka kumpikia? Nani anaokota uchafu wake? Mimi. Lakini tangu utotoni mimi ndiye wa kutumwa na yeye kitindamimba ndiye wa kupakatwa. Kuna watu wanazaliwa na nyota ya kupendwa, na wengine tunazaliwa na fagio mkononi.

Nikamwita mwalimu wa mbwa. Wateja walicheka mpaka nikashindwa kuwasuka. "Siku hizi hata mbwa wana twisheni?" Akaja mwanamke mfupi, mifuko imejaa vipande vya nyama, hana maneno mengi. Mbwa akinirukia, nimpe mgongo. Akitulia, nimpe nyama. Nikitoka nisimuage, nirudi kabla hajaanza kulia, kesho nikawie kidogo zaidi.

"Na umwachie nguo uliyoivaa, isiyofuliwa," akasema. "Harufu ya mtu anayempenda inamtuliza."

Nikaivua aproni yangu hapo hapo, imelowa mafuta ya nywele na jasho la wiki nzima, nikamtandikia. Afande akainusa, akaikanyaga akapita, akaanza msiba wake. Mama aliinuka. Alikwenda chumbani, akatoka na sweta la zamani la mdogo wangu. Mbwa akalilalia na kufumba macho.

Nilicheka kwa sababu mgeni alikuwepo, lakini ndani nilikuwa nawaka. Mtu hayupo, simu anapiga Jumapili kwa Jumapili, na bado ananishinda kwa sweta lenye tundu kwapani.

Mwalimu aliniona. "Usimkasirikie mbwa," akasema. "Harufu ya sweta itakwisha. Livae wewe, fanya nalo kazi, halafu mrudishie. Taratibu ataizoea yako."

Nikalivaa, likanibana mikono. Wateja wakauliza kulikoni sweta na joto lote hili, nikawaambia ni dawa. Nikawa nampa mgongo, nampa nyama, natoka, narudi. Wengine walidhani nimerukwa na akili, na sikuwa na muda wa kuwabishia. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, huyu mnyama anipende mimi.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta nyumba kimya. Nilidhani katoroka. Kumbe yuko uani, amelala juu ya aproni yangu, kaivuta mwenyewe kutoka msumarini. Sweta lilikuwa pembeni. Nikakaa chini na vikapu vyangu nikalia, mtu mzima mimi. Tangu siku ile alilala chini ya kiti changu cha kusukia, kidevu kimeegemea kiatu changu, na hakuna mteja aliyeguswa pindo tena.

Ndipo mdogo wangu akaja na gari. Nyumba yenye uwanja imepatikana.

"Dada, umemlea jamani. Ona alivyo na adabu."

Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Kumbe unaweza kuchuma wewe, kivulini akakaa mwingine. Nikamtazama mama, nikangoja aseme neno.

"Mpe mwenzio," mama akasema. "Si mbwa wake?"

Nikampa. Hata kamba niliyonunua mimi nikampa, bakuli lake la kulia tu likasahaulika uani. Afande alinitazama kwenye kioo cha nyuma cha gari mpaka wakakata kona.

Haukupita muda mrefu, simu ikalia, na wala haikuwa Jumapili. "Dada, huyu mbwa halali. Analia usiku na mchana. Majirani wamelalamika, na shemeji yako kasema akiendelea hivi tutamrudisha huko. Nimempigia yule mwalimu wako, kasema nikuombe nguo uliyoivaa. Ila usiifue, dada. Nakuomba."

"Usijali, mdogo wangu," nikamwambia kwa upole wote. "Nitaituma na basi la kesho."

Nikaitoa aproni msumarini. Ilinuka mimi tupu. Nikajaza maji kwenye beseni, nikamimina sabuni, nikaifikicha. Nikamwaga maji, nikaifikicha upya. Mfukoni mlikuwa na manyoya ya Afande, nikayatoa moja moja nikayaweka dirishani. Nikaianika juani, ilipokauka nikaipiga pasi.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Si kasema usiifue?"

"Mama, nipeleke nguo chafu nyumbani kwa mkwe wako? Watu watatuonaje?"

Mama akaichukua, akaiweka puani, akavuta pumzi. Ilikuwa sabuni tu. Nikajiandaa kusikia mwenzio, mwenzio, kama siku zote. Akanirudishia mkononi.

"Ikunje vizuri," akasema. "Na lile bakuli lake la uani, usimpe mtu."