Ukoka Uliolala na Maji

Mwenye kupanda nyasi mlangoni na asikie haya kabla hajashika ndoo, na mwenye mwana anayetafuta riziki kwa mikono yake asikie mara mbili.

Kulikuwa na mama mmoja Timbwani, Likoni, akiitwa Bi Dhahabu, mjane mwenye mwana mmoja tu, Faki. Mwaka wa themanini na nane Faki alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, hana kazi ya kushika, leo kibarua hiki, kesho kile. Aliwahi kukata nyasi kwa muda katika hoteli moja ya Shanzu, akarudi na gunia la vipando vya ukoka, akavipanda mbele ya nyumba kimoja kimoja, mgongo umepinda kutwa. Watu walicheka. Mwanatatu, wifi yake Bi Dhahabu, alisimama kando ameshika kiuno.

"Wenzenu wapanda mihogo, nyinyi mwapanda nyasi! Mtazitafuna?"

"Sizitafuni, shangazi," Faki akajibu. "Zitanilisha zenyewe."

Na ukoka ulishika. Baada ya miezi mitano ulikuwa umefunga uwanja wote, mwororo, hata mgeni avua viatu bila kuambiwa. Habari zikamfikia Bwana Nguma, msimamizi wa bustani za hoteli ile. Akamwambia Faki, "Nafasi ya kudumu iko moja. Idi ikipita nitakuja kwenu niuone huo ukoka kwa macho yangu. Ukiwa ni kama usemavyo, unaanza kazi."

Ramadhani ilikuwa mlangoni, na Faki alikuwa amepata kibarua cha ujenzi Malindi, mwezi mzima. Kabla ya kuondoka alimshika mamake mkono wakauzunguka uwanja.

"Mama, maji ni asubuhi, jua likichomoza, majani yapate kukauka. Mvua ikinyesha acha kabisa. Ukoka usilale na maji, Mama. Ukilala na maji huugua."

"Nimesikia. Kwani mimi mtoto?"

Alisikia, wallahi. Lakini mfereji wa Timbwani haukuwa na adabu. Maji yalianza alasiri yakakatika isha. Asubuhi mfereji ukifunguliwa wakohoa hewa tu. Pipa lilikuwako nyuma ya nyumba, ila pipa ni la kupikia na kutawadhia, na Bi Dhahabu hakuona vipi ataligusa kwa ajili ya nyasi. Akajiambia maji ni maji, nyasi haitazami saa. Basi kila magharibi, akisha kufuturu, humwaga ndoo sita. Hata siku ya mvua ya masika alimwaga mbili, kwa kuogopa tu. "Nisije nikaambiwa nimeuua kwa kiu."

Kumi la kwanza la mfungo halijesha, jirani yake Achieng akapita njiani. Achieng ni mtu wa bara, mkewe Phineas, na Phineas ndiye aliyekuwa akitunza bustani za matajiri kule ng'ambo ya kivuko.

"Shikamoo, Mama. Hii nyasi yako imenona! Ningekuwa ng'ombe ningekula yote leo!"

"Marahaba," Bi Dhahabu akasema, lakini moyoni akaguna. Ile kauli, na "mashallah" hakuna.

Siku tatu baadaye akaona baka. Dogo, kama sahani ya kikombe, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, ukingoni limepigwa mstari wa weusi. Kesho yake yalikuwa manne. Keshokutwa mawili yalikuwa yameungana.

"Hakusema mashallah huyo Achieng," Mwanatatu akasema alipokwisha kusimuliwa, akiinama kuyatazama. "Kijicho hiki, wifi. Tena jicho la njaa, amekwambia mwenyewe ataula."

Bi Dhahabu akamwamini, kwa sababu mtu aliyebanwa huamini la karibu. Mwanatatu akamletea chupa ya kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa marashi, akamwambia anyunyize magharibi siku saba. Tone litafika wapi uwanja wote ule? Bi Dhahabu akalichanganya na ndoo za maji, akaongeza ndoo juu ya zile sita. Kisha akanunua mbolea ile nyeupe ya chumvichumvi, maana mgonjwa hulishwa. Kisha akashika fyekeo, akayakata mabaka mpaka chini kabisa, na fyekeo lile lile akalipitisha palipokuwa pazima, ili uwanja ulingane.

Ukazidi. Kadiri alivyoutunza ndivyo ulivyokufa. Kila alfajiri alitoka kabla hata hajakunja msala, akahesabu mabaka kwa kidole, na kila alfajiri kidole kilichoka.

Kumi la pili lilipokuwa laisha Achieng alikuja mpaka kizingitini. "Mama, mume wangu amepita akaona. Amesema hii ni ugonjwa ya nyasi, inatibika ikiwahiwa. Nimuite?"

"Usiniitie mtu," Bi Dhahabu akasema. "Na uwanja wangu usiukanyage."

Achieng akamtazama. "Haya, Mama," akasema, akaenda zake. Hakurudi tena kuamkia.

Zikabaki siku nne kwa Idi. Robo tatu ya uwanja ilikuwa imegeuka rangi. Ndipo Bi Dhahabu alipojitanda buibui akaenda mwenyewe kwa Achieng, akasimama mlangoni.

"Nimekuja na uso wangu," akasema. "Sina mwengine."

Achieng hakusema neno la kumuumiza. Alimwita mumewe tu.

Phineas alikuja asubuhi, umande haujakauka. Akachuchumaa, akamwita Bi Dhahabu ainame naye. "Angalia hapa pembeni, Mama. Unaona?"

Akaona. Juu ya majani yaliyokuwa yakianza kuugua palikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko utando wa buibui, zimeshika umande.

"Huo ni ukungu," Phineas akasema. "Jua likitoka huuoni, lakini uko. Mama, mtoto akiwa na choa kichwani, ukamnyoa kwa wembe, wembe huo huo utamnyolea mwingine?"

"Astaghfirullah! Hata kichana hawashiriki."

"Sasa fyekeo ulilipitisha wapi?"

Bi Dhahabu akafunga mdomo kwa kitambaa.

"Na maji unamwaga saa ngapi?"

"Magharibi. Mfereji hautoki asubuhi, baba."

"Lakini pipa unalo. Jioni unajaza pipa, asubuhi unamwagilia. Nyasi ikikesha imelowa, ukungu unakula mpaka kuche. Ile mbolea nayo umeupikia chakula."

Pipa. Lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, na mfuniko wake. Hakuna kitu kilichomuuma Bi Dhahabu kama lile pipa.

Phineas alifanya aliyoweza. Alikwangura nyasi zilizokufa kwa reki, akazichoma mbali. Alipunguza matawi ya mwarobaini uliokuwa kando ya uwanja, yaliyozuia jua na upepo. Alichemsha maji ya sabuni akaosha fyekeo na reki. Akaleta dawa ya unga, ile ya kupigia nyanya, akaipulizia akiwa amefunga pua, akamwambia asikanyage mtoto wala kuku mpaka ikauke kabisa.

"Siku nne zatosha?" Bi Dhahabu akauliza.

"Dawa inazuia, Mama. Haifufui. Kilichokufa kitaota upya, miezi miwili, mitatu."

"Na Idi?"

Phineas akajipangusa mikono.

Faki alifika mkesha wa Idi na mkoba begani, na kitambaa cha kanga alichomnunulia mamake. Akasimama njiani, mkoba hakuutua. Bi Dhahabu alitaka mwanawe apige kelele, avunje kitu. Faki hakufanya hivyo. Aliuliza moja tu, kwa sauti ya chini.

"Maji ulimwaga saa ngapi, Mama?"

"Jioni, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Kanga ile aliiweka juu ya kitanda chake mama, imekunjwa vizuri.

Bwana Nguma alikuja siku ya tatu ya Idi, kama alivyoahidi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ukawa mzito kuliko ukali. Alichuchumaa ukingoni, akatazama kwa muda mrefu, wala mguu hakuutia ndani.

"Ni mimi, bwana," Bi Dhahabu akasema, akimsogezea sahani ya kaimati. "Kijana alinifunza, mimi ndiye niliyekosea. Hakuwako. Mwulize yeyote."

"Nimesikia, mama. Na naona palipo pazima, aliupanda mtu ajuaye." Akasimama. "Lakini vyombo vyake vimekaa humu, viatu vyake vyapita humu. Nina ukoka wa hoteli nzima. Ukungu hauulizi ni kosa la nani. Na yuko mwingine anayeingoja nafasi hii, siwezi kumngojesha miezi mitatu."

"Tutaosha vyombo. Tutavitupa!"

"Mama," Faki akasema. "Basi."

Bwana Nguma akala kaimati moja, kwa heshima. Kisha akaomba maji. Bi Dhahabu alidhani ana kiu, akaleta kwa gilasi. Akasema la, ya kuosha nyayo za viatu, maana alisimama karibu. Basi Bi Dhahabu akateka kata katika pipa, akainama, akayamimina yeye mwenyewe juu ya viatu vya mtu yule, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, hadi vikatakata. Akamwambia karibu tena.

Alasiri ile mfereji ukafunguka. Watu mtaani wakakimbilia ndoo. Bi Dhahabu akajaza pipa mpaka pomoni, akalifunika, akaketi juu ya kibao akiutazama uwanja mkavu. Faki alikuwa amepiga magoti upande wa pili, akichambua vipando vizima vitatu vinne, akivitenga juu ya gunia safi. Mamake alitaka kumsaidia, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani. Hakujua tena mkono wake ungegusa nini usikiharibu.