Abiria wa Mlimani

Mbio za pikipiki zilipoahirishwa tena, Majella McGarrity alikuwa jikoni kwa Mama Kinrade, nje kidogo ya mji wa Ramsey, akikamua soksi za shemeji yake kwenye sinki. Redio iliyokaa juu ya jokofu ilisema kwamba ukungu umekaa Mlimani, helikopta ya majeruhi haiwezi kuruka, na kwa hiyo barabara itabaki wazi kwa wote mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Waliokuwa mezani waliendelea kula. Hema zao zilikuwa shambani nyuma ya nyumba, zimejiinamia kama kuku wenye kideri. Makoti ya ngozi yalitundikwa ngazini yakidondosha maji, na Mama Kinrade alikuwa amepanga sufuria chini yake, kila moja na mlio wake. Mvua ilianza siku waliyoshuka melini kutoka Ireland ya Kaskazini, nayo haikuonyesha dalili ya kuchoka. Waliochoka walikuwa watu.

Shemeji yake, Malachy, aliingia na viatu mkononi, akatazama dirishani.

“Shemeji, barabara iko wazi na ukungu upo,” alisema. “Kama ni leo, ni leo. Soksi achana nazo, zitalowa tena.”

Majella alikausha mikono, akaenda kuvaa.

Alichokifuata Mlimani kilikuwa jambo la kawaida katika Kisiwa cha Man. Ukungu unaposhuka Mlimani na mbio zikasimamishwa, waendeshaji waliofia barabara ile hujitokeza wakasimama kandokando, na yeyote apitaye kwa pikipiki yenye nafasi nyuma huwapakia, akawateremsha mjini wapate kitu cha moto. Magari hawayasimamishi. Malachy, ambaye hakukosa tamasha la mbio hata mwaka mmoja, alishapakia wengi. Aliwahi kumbeba Mwitaliano wa zamani sana ambaye njia nzima alilalamikia breki. Na mara mbili alimbeba ndugu yake mwenyewe, Fintan, mume wa Majella. Fintan alikula, akauliza habari za nyumbani, lakini alipoulizwa juu ya ajali alisema maneno hayo ni ya mke wake, na mke wake hakuwapo.

Hakuwapo kwa sababu hakutaka. Tangu Fintan aanguke kwenye Kona ya Cronk Doo, Majella hakukanyaga kisiwani tena. Kamati ya mbio ilimwambia kwamba lilikuwa kosa la mwendeshaji, naye alilipokea neno hilo kama mtu anavyopokea maiti, kwa mikono miwili na bila swali. Mtoto wao, Odhran, alilipokea vibaya zaidi. Aliigeuza picha ya baba yake ikatazama ukuta. Kila mwaka kamati iliwapakia waendeshaji wageni katika basi na kuwazungusha njia nzima wajifunze, na walipofika Cronk Doo waliambiwa: hapa ndipo McGarrity alipojidai, nyinyi msijidai. Odhran alilisikia hilo shuleni, kwa mwenzake ambaye kaka yake alikuwa mmoja wa wageni hao. Mwaka huu Malachy alimwambia Majella kwamba Fintan amekonda, na kwamba kama ana la kumuuliza amuulize. Ndipo Majella akaitoa pikipiki yake bandani, akaitia mafuta.

Sasa aliupanda Mlima taratibu, taa imewashwa, haoni mbele zaidi ya urefu wa ng'ombe wawili. Kondoo walikohoa pembeni. Pale Cronk Doo, penye ukuta mweupe, Fintan alikuwa amesimama na helmeti kwapani, katika ovaroli yake ya ngozi iliyochanika bega.

“Umechelewa,” alisema.

“Meli ilichelewa,” alisema Majella.

Akapanda. Pikipiki ilizama kidogo kwa nyuma, kwa kuwa ngozi ile ilikuwa imenywa maji ya miaka sita. Enzi za uhai wake Fintan hakupenda kuwa abiria. Akipakiwa hushika chuma cha nyuma na kukosoa. Safari hii alimshika mkewe kiunoni na kuegemeza kichwa mgongoni kwake, na mpaka wanafika Douglas hakukosoa lolote. Majella alihisi baridi yake ikipenya koti, kisha sweta, kisha yeye mwenyewe. Hakumwambia ajisogeze.

Walikula mbele ya bahari, dukani kwa Breeshey, ambaye siku za ukungu hutandika plastiki kwenye viti vya ndani ili watu wa Mlimani wasimharibie vitambaa. Aliwaletea chipsi zenye jibini na rojo la nyama bila kuuliza. Fintan alikula yote, akafuta sahani kwa kidole, akauliza habari za Odhran. Majella alimwambia mtoto amerefuka na anajifunza useremala. La picha hakulisema.

Kisha Fintan akaeleza. Siku ile ilikuwa ya jua, lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku. Chini ya barabara pale Cronk Doo lipo kalvati la zamani lililobomoka ndani. Maji yakikosa njia ya chini hupanda juu, yakakatisha barabara mahali ambapo pikipiki imeshalala ubavu na haina pa kwenda. Barabara nzima kavu, pale pana utepe wa maji, upana wa mkeka. Wasimamizi wa kona waliipigia kamati simu asubuhi kusema hivyo, wakapiga tena kabla ya mbio.

“Sikujidai, Majella,” alisema. “Nilikuwa wa saba, na nilikuwa nimeridhika na hiyo saba.”

Majella alisogeza sahani kando. Halafu akamwambia watapanda meli pamoja, warudi nyumbani, akamwambie mtoto kwa kinywa chake. Fintan alitikisa kichwa. Wenzake walishajaribu. Meli ikivuka gati na kutoka ukunguni, kiti hubaki na maji tu. Kuteremka hupewa lifti, lakini kupanda wanapanda wenyewe kwa miguu, na ni lazima wawe wamefika kabla anga halijafunguka. Aliaga akaondoka, akipita mbele ya hoteli kwa mwendo wa mtu anayerudi zamuni.

Majella alimpigia Odhran simu akiwa palepale nje ya duka. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa kwamba baba yake alikuwa ameongea. Alisema tu kwamba baba siku zote alikuwa na maelezo.

Kesho yake mvua ilishika kasi. Majella aliazima beleshi kwa Mama Kinrade, Malachy akachukua sururu, wakapanda Cronk Doo na kuanza kufukua mdomo wa kalvati. Walitoa matope, mawe, na mzoga wa kondoo. Beleshi lilipofika ndani liligonga mawe yaliyoanguka, nayo yalikuwa chini ya barabara yenyewe, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Maji yaliwapita miguuni, yakapanda lami, yakakatisha.

Pikipiki ilisimama nyuma yao. Akashuka mtu mrefu aliyevaa koti la rangi ya machungwa, akavua helmeti, akasimama akitazama maji. Alikuwa Ewan Quilleash, mkuu wa barabara katika kamati, yule yule aliyekuja hospitalini siku ile kumpa Majella pole. Alikuwa amezeeka vibaya.

Majella aliendelea kufukua. Alimweleza bila kugeuka: kalvati, utepe wa maji, simu za wasimamizi. Alisema ameyasikia kwa mume wake mwenyewe.

“Najua,” alisema Quilleash. “Ameshaniambia.”

Majella akasimama.

“Kila ukungu ukishuka, nikipita hapa ananisimamisha,” alisema Quilleash. “Namteremsha mjini. Njia nzima ananieleza. Mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka mwaka jana. Hapandishi sauti hata siku moja.”

“Na wewe unamjibu nini?”

“Namwambia nimesikia.”

Malachy alitema mate chini. “Si mchimbe, basi. Mna matrekta, mna watu. Au mnangoja marehemu washike sururu?”

Quilleash alieleza kwa uchovu, kama mtu asomaye kitu alichokisoma mara nyingi. Kamati ilishakaa na wanasheria. Kalvati likichimbwa, mtu atauliza kwa nini limechimbwa, na kwa nini sasa. “Tukiichimba barabara hii, tutakuwa tumekiri,” alisema. “Tukikiri, hakuna mbio. Na bila mbio, mama, kisiwa hiki kina kondoo na upepo tu.” Kisha akawasaidia kuuburuta mzoga mpaka kando ya ukuta, akapanda pikipiki yake akaenda.

Usiku ule anga lilisafika. Asubuhi, mezani kwa Mama Kinrade, watu walikula haraka, wakicheka, mikate mikononi. Miongoni mwao alikuwamo Rhodri Pugh, kijana wa Wales, mwendeshaji mgeni aliyekodi chumba cha juu. Majella alihamia karibu naye, akamwambia habari za utepe wa maji pale Cronk Doo. Kijana aliacha kutafuna, akasikiliza kwa adabu.

“Pale tulipitishwa na basi, mama,” alisema. “Walituambia tatizo ni kuchelewa kushika breki. Kuna mtu alijidai pale.”

“Huyo mtu ni mume wangu.”

Rhodri aliona haya, masikio yakawa mekundu. Aliomba radhi, akaahidi atapunguza mwendo. Majella aliona kwamba anaahidi kwa moyo, na kwamba akishafunga helmeti, kuna sauti nyingine ataisikia zaidi.

Hakwenda Mlimani kutazama. Alibaki shambani akikunja hema, na mlio wa pikipiki ulikuja na kupotea nyuma ya vilima, ukaja, ukapotea. Halafu ukakatika wote kwa pamoja. Kipaza sauti cha jirani kilisema bendera nyekundu, mbio zimesimamishwa. Mama Kinrade alitoka mlangoni, akaikazia macho helikopta iliyokuwa ikielekea Mlimani, akarudi ndani. Baada ya muda alipanda chumba cha juu, akatandika kitanda cha Rhodri.

Adhuhuri ukungu ukarudi, mzito kuliko wa mwanzo. Barabara ikafunguliwa. Majella na Malachy walifunga mizigo, wakapanda Mlima kwenda kuiwahi meli. Kabla ya Cronk Doo, Malachy alisimamishwa na yule Mwitaliano wa zamani, akampakia, na papo hapo akaanza kusikia habari za breki.

Penye ukuta mweupe walikuwa wamesimama wawili. Fintan alikuwa amemshika Rhodri bega, kama mtu anavyomshika mgeni wa msiba asiyejua pa kukaa. Ovaroli ya kijana ilikuwa mpya, haijashika maji bado.

Majella alizima injini. Wakaangaliana.

“Mchukue huyu,” alisema Fintan. “Hajala tangu asubuhi.”

“Na wewe?”

“Mimi nimezoea.”

“Twendeni sote,” alisema Majella.

“Mshikaki, kwenye upepo huu?” alisema Fintan. “Utatuangusha.”

Rhodri akapanda. Hakuwa na uzito wa kutajika. Wakiteremka aliuliza kama lile lilikuwa kosa lake, kwa maana hakukumbuka vizuri. Alikumbuka tu kwamba alipunguza, alipunguza kweli, na barabara ikamtoka. Majella alimwambia si kosa lake.

Breeshey alitandika plastiki, akaleta sahani nne. Malachy na Mwitaliano walikaa mwisho wa meza. Redio ya dukani ilitaja jina la Rhodri Pugh, ikatoa rambirambi za kamati kwa familia, ikasema uchunguzi wa awali unaonyesha kosa la mwendeshaji. Rhodri alisikiliza, chipsi imeishia njiani kabla ya kufika mdomoni.

“Mama yangu ataambiwa hivyo?” aliuliza.

“Ndivyo atakavyoambiwa,” alisema Majella. “Nitakwenda kwake nimwambie ilivyokuwa.”

“Atakuamini?”

Majella alifikiri, kwa kuwa kijana alistahili kufikiriwa. “Sijui,” alisema. “Mwanangu hakuniamini.”

Mlango ukafunguka. Aliingia Quilleash, koti lake likitiririka, na nyuma yake Fintan. Quilleash alitafuta meza nyingine, hakuona, akabaki amesimama na helmeti mikononi. Hakuna aliyemkaribisha, na hakuna aliyemfukuza. Fintan alipitia ubavuni mwake, akakaa kando ya mkewe, akaanza kumweleza Rhodri mambo ya huko juu. Kwamba upepo mbaya ni wa magharibi. Kwamba majira ya baridi, barabara ikifungwa kwa theluji, hapiti mtu kwa majuma mengi, na ni vizuri kuzungumza na wenzako hata kama lugha hamwelewani. Kwamba ukuta mweupe una pembe moja ambapo wawili wakibanana hawapigwi na mvua usoni.

Majella aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, ukapata baridi, akauacha hapohapo. Nje, meli ilipiga honi ya kwanza. Malachy aliinuka akaenda kukaza kamba za mizigo.

Quilleash aliketi mwishowe, kwenye kiti alichokiacha Malachy. Rhodri alimgeukia, akamwambia kwa adabu kwamba yapo maji yanayokatisha barabara pale Cronk Doo. Quilleash alimsikiliza mpaka akamaliza. Alimwambia amesikia, akamsogezea siki ya chipsi.