Visi ya Violeti

Batu banasema Fifi ni mutoto mupole. Banadanganya. Mi nilionja ile upole yake mwaka jana, ikanivunja mufupa ya bega.

Kwa kilabu yetu ya velo, baisikeli za mashindano, hapa Kolwezi tunapanda na pedale ya kunasa. Chini ya kiatu kuko kichuma, inaingia ndani ya pedale, inashikwa. Ukitaka kushuka, unazungusha kisigino inje, muguu inatoka. Kile kichuma inakazwa na visi mbili, ile misumari ya kuzungusha. Moja ikikosa, kiatu inazunguka peke yake, pedale haiachii, unaanguka na velo yako sawa gunia ya makala.

Njo vile ilinifikia. Nilikuwa mbele ya bote kwa mashindano ya kuchagua mwenye atakwenda kushindana Lubumbashi, nikafika pale Mutoshi penye barabara imekatika, pa kushuka na kubeba velo. Muguu ikakatala kutoka, nikaangukia bega. Kuchungulia kiatu, visi moja haiko. Tata Tharcisse, prezida wa kilabu, akasema sijui kulinda bitu yangu, akatuma Fifi Lubumbashi pahali pangu. Fifi akanipa pole, na machozi juu yake.

Sasa mwaka huu, mbele ya mashindano, Fifi mwenyewe akaniletea velo na viatu yake. "Yaya Kabedi, muguu ya kuume inakawia kutoka. We njo unajua hizi pedale." Ananiitaka yaya, dada mukubwa, juu ninamupita miaka.

Nikasugua matope na burosi ya meno, nikatia mafuta, nikalegeza resori yenye inanasa kichuma. Ikaanza kutoka muzuri. Kiisha nikafuta kichuma ya kiatu. Kumbe visi moja iko na vernis, rangi ya kucha, ya violeti. Ni yangu. Mi njo ninapakaka visi zangu vernis, zisilegezwe na mashimo ya njia. Hapa kwetu hakuna mwingine anafanyaka vile.

Roho ikanichemka. Fifi alikuwa anajiangalia ndani ya telefone. Nikatoa visi yangu, nikaitia mufukoni irudi kwa kiatu yangu, nikajaza tundu na matope, ile ingine nikaacha ishike kidogo tu.

"Tayari, mudogo wangu." Akanibusu shavu, muchawi ule.

Siku ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha. Fifi mbele, mi nyuma yake, hata sikujisukuma. Pale Mutoshi akazungusha kisigino. Kiatu ikazunguka, pedale ikabakia. Akaanguka na ubavu ndani ya matope, bachimbaji ba madini ba pale bakacheka mpaka kushika tumbo.

"Yaya, muguu!"

Nikamupita na velo kwa bega, lile alinivunja. Nilifurahi sana, sitadanganya.

Nikafika wa kwanza. Fifi akafika wa mwisho, matope mpaka kwa nyusi, moja kwa moja kwa prezida. "Tata, Kabedi ametoa visi ndani ya kiatu yangu."

"Yako?" Hasira ikanipanda kichwa. Nikavua kiatu, nikaigeuza mbele ya batu bote: visi mbili, zote violeti. "Ona, tata. Hii aliniiba mwaka jana. Njo ilinivunja."

Fifi akainamisha macho. Hakukana.

Tata Tharcisse akaangalia zile visi, kiisha akaniangalia mi, pole pole. "Na imerudi kwako namna gani?"

Nikarudisha kiatu kwa muguu.

Akafuta majina yetu yote mbili. Adèle, aliyefika wa pili, njo atakwenda Lubumbashi. Mama yangu analia, anasema nilijichoma mi mwenyewe. Aseme tu. Fifi naye haendi, na kwa ile mi ninalala muzuri.